Karani Hana Kura

Nimechoka na Ijumaa tangu nikiwa msichana. Wenzangu pale Ibra, Oman, Ijumaa kwao ilikuwa siku ya kuoga, kuvaa, kula wali wa nyama na kulala mpaka alasiri. Kwetu ilikuwa siku ya Bunge. Tukishamaliza kula, mikono haijakauka vizuri, baba anatandika mikeka miwili kwenye majlis, chumba cha wageni, mmoja huku na mmoja kule, watu wakae uso kwa uso, na baina yake anaacha nafasi ya bakora mbili zilizolazwa ncha kwa ncha. Moja yake, moja ya marehemu babu. Kule London, akitwambia, nafasi ile hupimwa kwa panga mbili, ili wabunge wakigombana upanga wa huyu usimfikie yule. Sisi upanga tulikuwa nao mmoja tu, umetundikwa ukutani, na bibi hakutaka uteremshwe kwa mchezo.

Baba alikuwa karani wa Baraza la Kutunga Sheria, Unguja, zama za Mwingereza. Si mjumbe, karani. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya kiti cha Spika, kuandika nani kasema nini, na Spika akikwama kwenye kanuni, kuinuka na kumnong'oneza sikioni. Walimpeleka London wiki sita ajifunze kazi hiyo kwa wenyewe. Akakaa kwenye roshani ya wageni akitazama Bunge lao chini, na mie nasema roho yake haikuteremka tena kwenye roshani ile. Baraza la kwetu lilipovunjwa tukahangaika Dar es Salaam miaka, kisha Sultani mpya wa Oman akawaita watu wake warudi kwao, tukaja. Nguo zetu tulizifunga kwenye mashuka. Sanduku la bati, tulilokuwa nalo moja tu, lilijaa daftari zake.

Kwao baba, kwa nasaba, ni Ibra. Kwetu sie watoto kwetu kulikuwa Unguja, au Dar, au popote palipokuwa na mtu wa kutugombeza kwa Kiswahili. Majirani wakituita Wazinjibari, na wala hawakukusudia ubaya, lakini jina likiitwa kila siku linachosha. Baba akapata kazi ya ukalimani katika ofisi moja ya serikali Nizwa, kwa ajili ya Kiingereza chake. Akiondoka Jumamosi alfajiri na kurudi Alhamisi jioni: teksi ya Nizwa mpaka Bidbid, pale njia inapogawanyika, kisha asubiri kwenye vibanda vya chai mpaka ipatikane gari ya Ibra. Lami ilikuwa haijafika kote. Akiingia ndani ni mweupe kwa vumbi mpaka kope. Shikamoo baba, marahaba, anaoga, analala. Wiki nzima huko kabeba maneno ya watu wengine mdomoni. Ijumaa ilikuwa yake mwenyewe.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa Spika. Kiti chenye mikono tulikuwa nacho kimoja nyumbani, basi yeye ndiye aliyekalishwa, miguu haifiki chini, kawekewa mto. Mama alikuwa Waziri Mkuu, kwa sababu ufunguo wa ghala ulikuwa wake, na mie nikikaa mkeka wa mama, upande wa serikali. Upande wa pili alikaa kaka yangu mkubwa na ami, ndugu yake mdogo baba, mjane aliyeishi nasi na akiendesha pikapu ya mizigo baina ya Ibra na Sur. Hao wawili ndio Upinzani Mtiifu wa Malkia. Siku baba alipotutafsiria jina hilo, ami alicheka mpaka akapaliwa. Mpinzani mtiifu ni mtu gani huyo, akauliza, akiwa mtiifu anapinga nini? Baba akamweleza kwa subira kwamba kule mkubwa wa wapinzani hulipwa mshahara na serikali ili aipinge serikali, na hakuna anayemwita khaini, na jioni wanakunywa chai pamoja. Ami akasema kazi hiyo wakiileta Ibra yeye anaiuza pikapu kesho.

Mambo mengine yalitushinda kuyaleta Oman. Baba alitaka tuwe na baraza la pili, la Mabwana, ami akamwambia Ibra kila mtu ni bwana, tutawakalisha wapi. Alitaka pia ule mtindo wao wa kumfungia mlango mjumbe wa Malkia usoni, mpaka agonge mara tatu, kuonyesha kwamba Bunge haliingiliwi ovyo na mfalme. Kaka akaufunga mlango kwa kishindo, na nje kumbe yuko jirani kaja na sahani ya halwa. Bibi akaufuta mtindo huo siku ile ile. Mtu kaja na kitu mkononi unamfungia mlango, akasema, Malkia huyo nani kamlea?

Na lile neno la Spika la kuwanyamazisha watu. Baba alimfundisha bibi aseme "Nidhamu! Nidhamu!" Bibi akakataa katakata. Nidhamu ni ya askari, yeye si askari. Akawa anasema "Adabu," mara mbili, taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Wallahi ilifanya kazi kuliko nyundo. Ami mwenyewe, mtu mzima, akisikia "Adabu, adabu" alikuwa anakunja miguu.

Sasa msidhani tulikuwa tunacheza. Jiko la gesi lilinunuliwa kwa kura. Kaka aliacha sigara kwa kura, wiki mbili. Kila jambo lazima lisomwe mara tatu, Ijumaa tatu: ya kwanza linatajwa tu, ya pili linajadiliwa na kupigiwa kura, ya tatu linapigiwa kura tena na kumalizwa. Anayesema ndiyo anatoka kwa mlango wa jikoni, anayesema siyo anatoka kwa mlango wa kisimani, mnazunguka ua na kurudi, na baba anawahesabu mlangoni kwa punje za tasbihi. Kura hazikuwahi kulingana. Ama ami yuko Sur na mizigo, ama kaka keshanunuliwa na mama kwa visheti na kahama upande.

Baba mwenyewe hakupiga kura. Ukimuuliza, "Na wewe baba, unaonaje?" jibu lake lilikuwa moja, miaka nenda miaka rudi: "Karani hana kura." Tukiona ni unyenyekevu. Wanaume wa Ibra majumbani mwao walisema neno likawa, na baba yetu, mwenye nyumba, anakaa chini ya kiti cha mama yake na kalamu, anaandika. Mie nikijivuna naye. Nikiwasimulia wasichana skuli, hawaniamini.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni kwamba katiba ya Waingereza haikuandikwa kwenye kitabu kimoja. Hilo akilisema huku macho yanamng'ara. Nchi kubwa ile, ufalme ule, mambo yao mengi ni mazoea tu, na mazoea yanajulikana na makarani. Spika anakuja, Spika anakwenda, lakini karani yupo, na akilini mwake ndimo zilimo kanuni. Mama aliwahi kumuuliza, huku anachambua mchele, je, karani akisahau? Baba akasema karani hasahau. Mama akaendelea na mchele wake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa barua yangu ilipokuja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, skuli zinafunguliwa kila pembe na walimu hawatoshi, wizara inatafuta watu wa kusomesha Kiingereza. Mie Kiingereza nilifundishwa na baba tangu Dar, kwa hizo daftari zake. Nikafanya mtihani, nikapita, barua ikasema nimepata nafasi ya miaka miwili Uingereza, nikasomee ualimu. Kinachotakiwa ni saini ya walii wangu, yaani baba, na fomu irudi kabla ya mwezi kumalizika.

Niliisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikaanza kupasuka. Sikutaka kitu kingine duniani, nasema kweli. Sikutaka mume, sikutaka dhahabu. Nilitaka kwenda, na zaidi ya yote nilitaka kupanda ile roshani ya wageni, nitazame chini, nijue baba aliona nini pale. Nilidhani nikiiona nitamjua.

Alhamisi aliporudi nikampa barua kabla hajaoga. Aliisoma amesimama, vumbi linamwanguka begani. Akaikunja vizuri. Akasema jambo hili ni kubwa, liende Bungeni. Mie nikafurahi. Nikaona basi nshakwenda, maana saini ni yake na hakukataa.

Ijumaa ya kwanza ikasomwa. Ijumaa ya pili ndiyo iliyokuwa. Ami alisema kwanza, na alisema kwa huruma, sitamsingizia. Alisema mie ni mwanawe kama nilivyo wa baba, lakini sie hapa bado wageni, watu wanatutazama tunavyokula na tunavyovaa, na mtoto wa kike akipelekwa peke yake kwa Wazungu watasema Wazinjibari ndivyo walivyo, na mlango wetu hautabishwa hodi na mposaji. Kaka akasema kwa kile Kiswahili chake kilichoanza kuoza kwa Kiarabu kwamba yeye hakupewa nafasi yoyote, akaingizwa kazini, sasa mimi niende na yeye abaki na nini. Halafu akaona haya akatazama mkeka. Ami akakumbusha kwamba Ijumaa ijayo hatakuwapo, ana mzigo wa Sur, kwa hivyo kama kuna la kusemwa lisemwe leo.

Mama alikuwa msemaji, akiamua kukuchamba unatafuta pa kujificha. Siku ile alisema maneno machache tu.

"Mie niliolewa na miaka kumi na tano. Sikwenda pahala. Popote nilipokwenda nilipelekwa. Huyu aende."

Tukatoka. Mama na mie kwa mlango wa jikoni, ami na kaka kwa mlango wa kisimani. Tukapishana uani, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tukarudi, baba mlangoni na tasbihi yake. Ndiyo, wawili. Siyo, wawili.

Hilo lilikuwa halijatokea kabla. Bibi akakaa kwenye kiti chake, miguu inaning'inia, anatutazama mmoja mmoja. Akanitazama mie zaidi. Nilimuona mdomo wake unataka kufunguka, akaukaza tena, akamgeukia baba. Naye baba akainuka, kama alivyofundishwa London, akainama, akamnong'oneza. Ilikuwa muda mrefu kwa maneno machache. Bibi akamuuliza kwa sauti, "Ndivyo?"

"Ndivyo, mama," baba akasema. Halafu akatugeukia sisi sote, ili iingie kwenye kumbukumbu. "Kura zikilingana, Spika hupiga yake kuacha mambo yalivyo. Si kwa mapenzi yake. Ndiyo ada ya kiti."

Bibi akavuta kanga yake mabegani. Akasema, "Basi na yabaki yalivyo." Wala hakusema adabu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisema kitu.

Baba akaandika. Fomu ile hakuitia saini, na mwezi ukamalizika, na nafasi akapewa mwengine.

Nikawa mwalimu msaidizi Ibra, kwa cheti kidogo, nasomesha herufi na salamu. Sikulia sana. Nilichofanya ni kibaya zaidi. Nilimchukia bibi. Mie ndiye niliyekuwa nikimpaka mafuta kichwani na kumsuka nywele zake mbili tatu, nikaacha, nikamwachia mama. Akiniita naitika "labeka" ya mdomoni tu. Akinisimulia kitu natazama mlango. Moyoni nikisema, bibi wewe, mdomo wako mwenyewe, mwanao hana kura, wajukuu zako wamefungana, Mungu kakupa neno moja likutoke, nawe ukalitumia hivyo. Miaka mitano sita nilimfanyia hivyo, chini ya dari moja. Yeye hakunilalamikia. Ijumaa zikawa zinapungua, ami akahamia Sur, kaka akapata kazi Maskati, bibi kiti kikawa kinamuumiza mgongo. Bunge likafa bila ya mtu kulitangaza.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa nikimlisha uji. Akaniondolea kijiko mkononi, akasema kwa taabu, lakini maneno yake nimeyasikia vizuri: "Nilitaka kusema ndiyo, mwanangu. Kiti kilinikataza." Nikamwambia bibi hayo yamepita, kunywa uji. Hilo ndilo nililomwambia. Hakuishi wiki.

Baada ya mwaka au zaidi baba akastaafu. Macho yamemfifia, magoti hayamkubali tena ile safari ya kubadilisha gari Bidbid. Akarudi Ibra kwa mkono mmoja mtupu na wa pili kashika bakora, vitu vyake vikabaki kwenye chumba alichokodi Nizwa. Ami akaja na pikapu kutoka Sur, tukaenda kuvichukua mimi na yeye. Godoro, birika, sanduku la bati. Hatujafika mbali pikapu ikaanza kunguruma, tukaiingiza gereji pale Firq, karibu na Nizwa. Fundi Mpakistani akalala chini yake, akasema saa mbili, tukajua ni nne. Ami akaenda kutafuta chakula. Mie nikakaa juu ya sanduku, kivulini, katikati ya matairi na mafuta machafu, nimechoka, sina la kufanya. Nikalifungua sanduku ili nipate cha kusoma.

Daftari la London lilikuwa juu. Nililijua, jalada lake jekundu, tangu mdogo, ila hatukuruhusiwa kulishika na mikono ya chakula. Kiingereza upande huu, Kiswahili chake upande huu, mwandiko ule wa karani ambao hata nukta inakaa kama imepimwa. Namna ya kubisha mlango. Namna ya kumwita mjumbe bila ya kumtaja jina. Kisha: kura zikilingana. Nilitaka kuliruka, maana hilo nilikuwa nalijua kuliko ninavyoijua Fatiha. Nikasoma.

Alikuwa kaandika hivi. Kwamba kura zikilingana, Spika kwanza atazame kama mjadala unaweza kuendelea. Ukiweza kuendelea, apige kura ya kuuendeleza, ili wenyewe wapate nafasi nyengine ya kuamua. Usipoweza kuendelea, hapo ndipo aache mambo yalivyo. Na chini yake, kwa wino mwekundu, mfano: mswada ukiwa unasomwa mara ya pili, Spika aseme ndiyo, upate kusomwa mara ya tatu.

Nikasoma tena. Nikageuza ukurasa, nikarudi. Yangu ilikuwa mara ya pili. Bibi angelisema ndiyo, kwa ada ile ile ya kiti, na Ijumaa ya tatu ami yuko Sur. Wawili kwa mmoja. Ningelikwenda. Baba alijua, ami alikwishasema mbele yake. Na karani hasahau.

Fundi akatoka chini ya gari akaniuliza kwa Kiarabu chake kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo. Akaniletea maji.

Njia nzima kurudi Ibra nilitazama dirishani. Ami akadhani ni njaa. Nilimfikiria bibi, zile nywele zake mbili tatu, vile alivyokuwa akigeuza kichwa nikipita, akidhani labda leo nitakaa. Uchungu wangu wote nilimtwika yeye, na mwenye nao alikuwa anakuja kila Alhamisi, ninamwamkia shikamoo, ninamtilia kahawa.

Sikumuuliza siku ile, wala mwezi ule. Mtu akichoka anaogopa hata haki yake. Mama alikuwa Maskati kwa kaka, analea mjukuu, nyumbani tuko wawili, baba na mie, na mimi natoka skuli na chaki kwenye nywele, napika, nafua, namsomea gazeti. Halafu Ijumaa moja, tumekwisha kula, namuona anauvuta mkeka, mmoja tu, anautandika. Akalaza bakora yake mbele. Ya babu hakuiona ilipo. Akakaa.

Nikaenda nikalileta daftari jekundu. Nikakaa mbele yake, nikamsomea ukurasa ule, Kiingereza, kisha Kiswahili, mpaka na mfano wa wino mwekundu. Sikupandisha sauti. Alisikiliza kainamisha kichwa, kama anavyosikiliza taarifa za redio.

"Karani hana kura," akasema.

Nikamwambia bibi kafa anaamini kiti ndicho kilichomkataza. Kwamba aliniomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake, na mie nikampa uji. Nikamwambia nimemchukia miaka sita kwa ajili ya nusu ya kanuni.

Mkono wake ukawa unaipapasa bakora, unaisukuma mbele, unairudisha.

"Hakikuwa kiti," akasema. "Nilikuwa mimi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema katika nyumba nzima ile mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza maswali. Akasema alikwishaona watu wawili watatu wakiondoka kwa miaka miwili na hawakurudi. Akasema angelikataa kwa mdomo wake ningelimbishia, na alijua mie nikibisha atashindwa. Alisema yote hayo kwa sauti ya uchovu, bila kujitetea, na ndiyo iliyonikera zaidi, maana nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi.

"Basi piga sasa," nikamwambia. "Hakuna kiti leo, hakuna bibi. Niende, nisiende? Ndiyo au siyo?"

Nilitaka aseme ndiyo. Nina miaka karibu thelathini, nafasi yenyewe imekwisha zamani, mwenzangu aliyekwenda na kurudi keshakuwa mkubwa wangu wa kazi, na bado nilikaa pale nikisubiri ndiyo ya mzee asiyeona. Alifungua mdomo, akaufunga, kama mama yake. Akainua uso, akautafuta wangu.

"Siyo," akasema. "Hata leo, mwanangu. Siyo."

Machozi yalinitoka, na sijui mpaka leo yalikuwa ya nini. Hasira, ndiyo. Lakini pia mara ya kwanza katika umri wangu baba alikuwa upande wa pili wa mkeka, nami nina mtu wa kubishana naye. Tukabishana mpaka alasiri. Nilimwambia yote. Naye akajibu yote, na baadhi ya majibu yake yalikuwa ya kweli.

Alipokwenda kutawadha nikachukua kalamu yake. Kwenye ukurasa ule ule, chini ya wino mwekundu, pakiwa na nafasi kidogo, nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya: Karani, siyo. Kisha nikaandika za ami na kaka, na yangu, na ya mama, na nikaandika ya bibi, ile aliyotaka kuisema. Ndiyo tatu, siyo tatu, zimelingana tena. Nikaliacha wazi juu ya mkeka wino ukauke.